Kabla ya Kupokea Video ya Uhuishaji: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Mlaji

Wafanyabiashara wadogo, shule na vikundi vya kijamii huagiza matangazo na mafunzo ya uhuishaji, yaani picha zilizochorwa kwa kompyuta na kuonyeshwa mfululizo hata zikaonekana kama zinatembea. Malalamiko yanaweza kuzuka siku ya makabidhiano. Kazi iliyopendeza kwenye kompyuta ya fundi huonekana kwenye televisheni ya mteja ikiwa na ukungu, rangi zimefifia, au sauti hailingani na midomo. Makala haya yanaeleza chanzo cha kasoro hizo na namna mlaji anavyoweza kujilinda kabla ya kulipa.

Picha kwanza, video baadaye

Katika uhuishaji, fundi makini kwa kawaida hatoi video moja kwa moja. Programu kama Blender huchora picha moja baada ya nyingine, na kila picha huhifadhiwa katika faili lake lenye namba, mara nyingi katika umbizo la PNG, ambalo hupunguza ukubwa wa faili bila kuharibu picha. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, picha zilizokwisha kuhifadhiwa hubaki salama, na fundi huendelea pale alipoishia. Picha moja ikiwa na kosa, huchorwa upya peke yake.

Mfululizo huo wa picha ndio asili ya kazi. Video unayokabidhiwa ni nakala iliyobanwa kutokana na asili hiyo.

Kwa nini video hubanwa

Picha moja ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla yake 2,073,600. Tangazo la sekunde 30 lenye picha 25 kwa kila sekunde lina picha 750. Zikihifadhiwa bila kubanwa hata kidogo, zingehitaji nafasi ya takriban gigabaiti 4.7. Kwa hiyo fundi huzisimba kwa njia kama H.264, iliyowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2003. Njia hiyo huhifadhi zaidi yale yanayobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na huacha baadhi ya mambo madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde, tangazo hilo hubaki na ukubwa wa takriban megabaiti 30.

Kubana si kosa. Kosa ni kubana kupita kiasi. Dalili zake ni vipande vya mraba panapokuwa na mwendo wa haraka, na matabaka ya rangi mahali palipostahili kuwa laini, kama vile angani. Kilichoachwa wakati wa kubana hakirudi. Video iliyobanwa vibaya ikisimbwa upya kwa kiwango cha juu, faili litakuwa kubwa lakini ubora utabaki uleule. Vivyo hivyo, video ya pikseli 1280 kwa 720 ikikuzwa hadi 1920 kwa 1080 hujaza kioo pasipo kuongeza undani wowote.

Kasi na rangi

Picha zilizochorwa kwa kasi ya 24 kwa sekunde lazima zisimbwe kwa kasi hiyohiyo. Tangazo la sekunde 30 lenye picha 720 likisimbwa kwa kasi ya 25, litamalizika kwa sekunde 28.8, ilhali sauti bado inaendelea. Hii ndiyo sababu mojawapo ya midomo kutangulia maneno.

Rangi nazo huharibika iwapo kipimo cha mwanga kilichotumika kusimba hakilingani na kile kinachosomwa na televisheni. Weusi hugeuka kijivu, au sehemu zenye giza humezwa kabisa.

Ukaguzi kabla ya malipo ya mwisho

1. Andikianeni mkataba unaotaja upana na urefu wa picha, kasi ya picha kwa sekunde, muda wa video na njia ya usimbaji. Neno “HD” peke yake halitoshi, wala “MP4” halithibitishi ubora, kwa kuwa ni aina tu ya faili.
2. Fungua taarifa za faili kwenye kompyuta na uzilinganishe na mkataba.
3. Itazame video yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye kioo kitakachotumika. Angalia zaidi maandishi madogo, mwendo wa haraka na sehemu zenye giza.
4. Usitoe uamuzi kwa nakala uliyotumiwa kwa programu za ujumbe wa simu, kwani nyingi hubana video upya. Pokea faili lenyewe kwenye flashi.
5. Kubalianeni mapema iwapo utakabidhiwa mfululizo wa picha na faili la sauti, na kwa gharama gani. Ukikabidhiwa, hakikisha namba za picha zinafuatana bila kuruka.

Jambo hili la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwenye picha za asili anaweza kupata video mpya kwa fundi yeyote, hata kwa programu isiyolipiwa kama FFmpeg, bila kuchora kitu upya. Asiye nazo hubaki akimtegemea fundi wa kwanza, na fundi huyo akihama au kompyuta yake ikiharibika, kazi yote hupotea.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukibaini kwamba ulichopokea si kile mlichokubaliana, mweleze fundi kwa maandishi, taja kasoro moja moja, na mpe muda wa kurekebisha. Hifadhi mkataba, stakabadhi na faili ulilokabidhiwa pasipo kulibadilisha. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako iwapo utalazimika kuwasilisha malalamiko.