Fahamu: Nani huwasemea Wayahudi walio wachache?

Wengi wetu tunaijua BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968 liwasemee Waislamu wa Tanzania Bara mbele ya serikali. Wayahudi nao wana mabaraza ya aina hiyo katika nchi walimo wachache. La Uingereza lilianza London mwaka 1760, na wajumbe wake wengi huchaguliwa na masinagogi. La Afrika Kusini likawa la kitaifa mwaka 1912. Mabaraza haya hushughulikia usalama, uchinjaji, mazishi na kupinga chuki.

Jirani zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wamepita njia ngumu zaidi. Semei Kakungulu, jemadari aliyefarakana na Waingereza, aliianzisha jumuiya hiyo karibu na Mbale mwaka 1919. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao, wengi waliiacha dini. Waliobaki walisali kwa siri hadi alipoanguka mwaka 1979. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi mwaka 2008 na ubunge mwaka 2016. Lakini mbunge huwakilisha jimbo zima, si waumini wenzake tu, ndiyo maana uongozi wa jumuiya yenyewe haukosi kazi.

Kazi nzito ni kutambuliwa kuwa Wayahudi. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi, linaloshughulikia wahamiaji kwenda Israel, liliwakubali. Lakini miaka miwili baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko. Kwa maoni yangu, watu walioishika imani yao chini ya Amin wanastahili kusikilizwa kwa heshima, wakiwa wao wenyewe mezani.