Batamaji wa Aktiki (2): Malezi ya Siku Mia Moja

Juma lililopita tuliwaacha batamaji katika mashamba ya North Carolina, wakiokota masalia ya mahindi na kunyofoa ngano changa. Hicho si chakula chao cha asili. Zamani walijaa katika Ghuba ya Chesapeake, wakizamisha shingo zao ndefu kung'oa majani yaotayo chini ya maji. Maji yalipochafuka na majani hayo kupungua, hasa miaka ya 1970, wengi walihamia mashambani. Wakamudu. Huku kusini, basi, ndege huyu ana pa kukimbilia. Kule anakotagia hana.

Wakiondoka upande wa Atlantiki hupita Mississippi ya juu na nyanda za Dakota na Kanada, kisha hufuata bonde la Mto Mackenzie mpaka pwani ya kaskazini ya Alaska. (Wenzao wanaozaliana magharibi ya jimbo hilohilo, kwenye delta ya Mto Yukon, hushuka kwa njia ya Pasifiki hadi California.) Wanafika mwezi Mei, theluji ingali imetanda.

Muda wao ni mfinyu. Jike hutaga mayai manne hivi juu ya kilima kidogo cha nyasi. Kuatamia huchukua mwezi mmoja na ushee, dume naye akishika zamu, jambo ambalo madume wengi wa jamii ya bata hawalijui kabisa. Makinda huhitaji siku 60 hadi 70 ndipo waweze kuruka. Jumla ni kama siku mia moja, na Septemba ikielekea ukingoni vidimbwi huanza kuganda. Mbweha akila mayai, au wazazi wakifukuzwa na kelele za helikopta mpaka mayai yakapoa, ni nadra kupata nafasi ya kutaga tena, mwaka umepotea. Isitoshe, katikati ya malezi wazazi wenyewe hunyonyoka manyoya ya mabawa, wakakaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Kinga yao wakati huo ni maji na kuwa mbali na wasumbufu, ndiyo maana kila jozi hushikilia eneo kubwa na kulirudia mwaka hadi mwaka.

Na maji yenyewe yana siri yake. Mvua na theluji za pwani ile ni haba. Vidimbwi vipo kwa kuwa udongo wa chini umeganda mwaka mzima, maji hayana pa kuzama. Mimea ya juu ndiyo inayoikinga barafu hiyo na joto. Ikikwanguliwa na magari mazito, ardhi hudidimia. Magari ya kutafuta mafuta yaliyopita hapo katika majira ya baridi ya 1984 na 1985 yaliacha alama zilizoonekana miongo kadhaa baadaye.

Eneo la pwani hiyo ya Alaska lilianza kuhifadhiwa mwaka 1960, chini ya Rais Eisenhower. Mwaka 1980 Rais Carter alitia saini sheria iliyolipanua, na sasa lina takriban ekari milioni 19, zaidi ya mara tano ya Hifadhi ya Serengeti. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 1002, iliacha ekari milioni 1.5 za uwanda wa pwani mikononi mwa Bunge la Marekani, liamue kama mafuta yachimbwe au la. Uwanda huo ndio wenye vidimbwi na delta kama ya Mto Canning, mahali hasa pa batamaji.

Batamaji hawafiki kwetu, lakini ndege wengine wa Alaska wanafika. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2012, vifaa vidogo vya kufuatilia safari vilifungwa kwa ndege wa Alaska wenye uzito wa gramu 25 tu. Ikaonekana kwamba wanavuka Asia nzima na Uarabuni kuja kukaa Afrika Mashariki msimu wa baridi.

Kuhusu mafuta ya uwanda huo, wenyeji hawana kauli moja. Wagwich'in, wanaotegemea karibuu, kulungu wa Aktiki wanaozalia uwandani humo, wanapinga uchimbaji. Wainupiat wengi wa Kaktovik, kijiji pekee ndani ya mipaka ya hifadhi, wanauunga mkono, kwani kodi za mafuta ya jirani zimewajengea shule na zahanati. Mtetezi wa ndege anayewapuuza hawa hajawatendea haki.

Mwaka 2017 Bunge lilifungua mlango wa uchimbaji. Mnada wa haki za kuchimba wa Januari 2021 ulileta zabuni za dola milioni 14.4 tu, nyingi kutoka shirika la umma la jimbo lenyewe. Wa Januari 2025 haukupata mzabuni hata mmoja. Hata hivyo, mwaka huohuo ilipitishwa sheria inayoagiza minada mingine isiyopungua minne ndani ya miaka kumi.

Juma lijalo: batamaji wa Urusi, na risasi wanazobeba mwilini.