Kanali Akipanda Kizimbani

Mtazamaji wa tamthilia za mahakamani husamehe mengi. Husamehe kesi nzito inayoanza na kwisha ndani ya saa moja, na husamehe shahidi anayekiri kila kitu wakili anapopandisha sauti. Asichosamehe ni mhusika aliyekuwa mtaratibu wiki iliyopita kuja leo akiwa mfyatukaji, bila yeyote kueleza kilichompata.

JAG, tamthilia ya Marekani kuhusu wanasheria wa jeshi la majini, ilidumu kuanzia 1995 hadi 2005 na kufikisha vipindi 227. Mhusika mkuu, Harmon Rabb, alikuwa rubani wa ndege za kivita ambaye macho yake yalimsaliti usiku, akageukia sheria. Ndiyo maana hata akiwa na jalada mkononi, hubahatisha kama mtu aliye angani. Mwenzake Sarah MacKenzie ana kipaji cha kujua saa bila kutazama saa. Ni kitu kidogo, karibu mzaha, lakini siku mwandishi mgeni angemwandikia aulize "saa ngapi sasa?", mashabiki wangelalamika kabla kipindi hakijaisha.

Ugumu ni kwamba wanasheria hawa hubadilishana viti. Leo Rabb anamtetea baharia, kesho anamshtaki baharia mwingine kwa kosa lile lile. Hoja zinageuka, mtu habadiliki. Kipindi kinachofaulu ni kile ambacho, ukifumba macho ukasikiliza maneno tu, bado unamtambua msemaji.

Uthabiti huo wa mhusika hauna maana ya kuganda. Bud Roberts aliingia kama kijana wa kuchekesha, yule ambaye walimu wa fasihi wangemwita mhusika bapa, asiye na kina wala mabadiliko. Mwaka 2002 akakanyaga bomu la ardhini Afghanistan na kupoteza mguu. Waandishi hawakumponya kwa kipindi kimoja. Mguu wa bandia na wasiwasi wa kuachishwa jeshi vilimfuata misimu iliyobaki, na Bud akawa mhusika duara mbele ya macho yetu.

Sasa tuihamishe tamthilia ya aina hii kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Barabara inayotoka Uvira kuelekea kusini hufika Baraka, mji wa wavuvi na wachuuzi katika wilaya ya Fizi. Hapo, Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilihamishia vikao vyake kumsikiliza Luteni Kanali Kibibi Mutware wa jeshi la taifa, FARDC, pamoja na askari wake. Walishtakiwa kwa ubakaji na uporaji uliofanyika mjini Fizi siku ya Mwaka Mpya. Kibibi alikana. Tarehe 21 Februari alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu.

Mwandishi wa tamthilia ana mengi ya kujifunza katika kesi hiyo, na la kwanza ni cheo. Sheria ya mahakama za kijeshi ya Kongo, ya Novemba 2002, hairuhusu ofisa ahukumiwe na hakimu aliye chini yake kwa cheo. Ukimweka kapteni aongoze kesi ya kanali, mtazamaji wa Uvira, ambaye maisha yake yote amepishana na wanajeshi vizuizini, atazima televisheni. Kosa hilo halirekebishwi na mwigizaji hodari.

La pili ni zito zaidi. Baadhi ya wanawake walioathirika walitoa ushahidi wakiwa wamejifunika wasitambulike. Mwigizaji hutegemea uso. Hapa uso umeondolewa, na kilichobaki ni simulizi. Simulizi hiyo ndiyo ambayo upande wa utetezi huikagua neno kwa neno ukitafuta mahali inapopingana na iliyotolewa kwanza. Kwa hiyo uthabiti unaodaiwa kizimbani huwaelemea walioumizwa kuliko mwenye magwanda, ambaye nguo yake imekwisha kumtambulisha kabla hajafungua mdomo. Tamthilia nyingi za kijeshi hazigusi jambo hili, kwa sababu mashujaa wake ndio wanaovaa magwanda.

Mtu mmoja alijaribu njia tofauti kabisa. Mwongozaji Milo Rau wa Uswisi aliunda "Mahakama ya Kongo", vikao vilivyofanyika Bukavu na Berlin mwaka 2015, kisha vikatolewa kama filamu mwaka 2017. Haikuwa mahakama yenye mamlaka ya kisheria. Hata hivyo, mawakili walikuwa mawakili kweli, na mashahidi walisimulia yaliyowapata wenyewe. Moja ya kesi ilihusu Mutarule, kijiji cha bonde la Ruzizi kaskazini mwa Uvira, ambako usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa, huku wanajeshi na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa si mbali.

Katika vikao hivyo hapakuwa na mwandishi wa kumlinda mhusika asijipinge. Waziri wa jimbo aliyezoea kuongea na redio aliketi akaulizwa maswali mbele ya watu waliozika ndugu zao, na jibu lake lilibaki kwenye kamera. Baadaye mawaziri wawili wa jimbo hilo la Kivu Kusini waliohojiwa walipoteza nyadhifa zao.