Leseni ya Karatasi, ya Kadi na ya Kwenye Simu

Mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa leseni ya udereva ya kadi yenye chipu, ili ichukue nafasi ya kijitabu chekundu kilichokuwa kimezoeleka kwa miaka mingi. Hati ilibadilika, na jina lake likaanza kuyumba: huyu huiita leseni ya kielektroniki, yule leseni ya kidijitali. Yamkini msomaji atadhani tofauti hiyo ni ya ladha tu. Sivyo.

Neno leseni hubeba dhana tatu: ruhusa anayopewa dereva kwa mujibu wa sheria; hati inayothibitisha ruhusa hiyo; na kumbukumbu za dereva zinazohifadhiwa na mamlaka. Karatasi inapoondolewa, kinachobadilika ni hati, ruhusa haifutiki. Mfasiri asiyezitenga dhana hizi aweza kumtia msomaji hasarani.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Tarehe 8 Juni, 2015, ilifutwa karatasi iliyokuwa ikiandamana na leseni ya kadi. Lakini leseni kamili za karatasi, zilizotolewa kabla ya kadi kuanzishwa mwaka 1998, ziliendelea kuwa halali. Tangazo la namna hiyo likifasiriwa kwamba "leseni za karatasi zimefutwa", dereva mzee atachana hati yake halali kwa mkono wake mwenyewe.

Tatizo la pili limeletwa na simu. Jimbo la New South Wales, Australia, mwaka 2019, na Iceland mwaka 2020, ziliwaruhusu madereva kuonyesha leseni katika simu zao. Hivyo basi leseni ya kielektroniki sasa yaweza kuwa kadi au picha kiooni.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) leseni ya kadi: hati ya kadi, yenye chipu au isiyo nayo;

(b) leseni ya kwenye simu: hati inayoonyeshwa kwa simu. Tumeepuka "leseni ya simu", isije ikadhaniwa kuwa ni ruhusa ya kumiliki simu;

(c) kiambatisho cha leseni: karatasi inayoandamana na kadi;

(d) leseni ya kielektroniki: jina la jumla la (a) yenye chipu na (b), lisilofaa kutumika peke yake katika amri au tangazo.

Kabla ya kuandika, mtumishi wa umma na ajiulize: kinachofutwa ni ruhusa, hati, au kiambatisho?