Mwezi Utakuwa na Siku Ngapi?

Juu ya dashibodi ya gari lake, pale ambapo madereva wengine huweka tasbihi au chupa ya manukato, kuna karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zake zimelegea kwa kushikwashikwa. Ni jedwali la maji. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili saa za kujaa, ya tatu saa za kupwa, ya mwisho urefu wa maji kwa mita. Pembeni, kwa kalamu ya wino wa buluu, mwenyewe ameongeza safu yake: tarehe za mwezi mwandamo.

Dereva huyu wa teksi huchukua wageni hapa Unguja, bandarini Malindi na uwanja wa ndege, akawapeleka mashamba. Wengi humuuliza swali lilelile. Waende Nungwi na Kendwa kwenye shangwe, au Jambiani kwenye utulivu? Hajibu. Naye huuliza: "Siku hizo mwezi utakuwa na siku ngapi?"

Swali hilo liliniganda. Mimi, kama wengi wetu, nilikuwa na jibu langu tayari: vijana kaskazini, maharusi mashariki, na mwenye mfuko mwembamba apande gari la 116 au la 309 ajionee mwenyewe. Mwezi unaingiaje hapo?

"Unaingia kwenye maji," alisema. "Na maji ndiyo yanayopanga kelele."

Akaikunjua karatasi juu ya usukani. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ndipo panapokuwa na bamvua. Katika bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4. Kidole chake kikateremka kwenye safu ya saa, na hapo ndipo niliposogea karibu. Siku za bamvua maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Mwezi huu, mwezi ujao, mwakani, ni vivyo hivyo. Kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, mpaka mwezi unapofika siku ya saba, ya nane, yakawa maji mafu: bahari inapanda kidogo, inashuka kidogo, na ile saa nne ya asubuhi iliyokuwa ya kupwa sasa ni ya kujaa.

"Sasa mchukue bwana na bibi wametoka Dar, wamelipia siku nne Jambiani, mwezi kumi na tano," alisema. "Wanaamka, wanakunywa chai, wanavaa nguo za kuogelea, saa nne hao ufukweni. Bahari hawaioni. Wanaona mchanga, majani, matope, na mstari mweupe kule mbali kwenye mwamba. Mume ananipigia simu, ati nimewaleta wapi."

Ni kweli kwamba mwambao wote wa mashariki, tangu Matemwe mpaka Makunduchi, umekaa nyuma ya mwamba unaopasua mawimbi mbali na nchi kavu, na kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda wa maji haba. Bamvua ikipwa, uwanda huo hubaki madimbwi. Pale Pingwe kuna mkahawa juu ya jiwe ndani ya bahari. Wateja huenda kwa miguu chakula kikiwa bado jikoni, wakarudi kwa mashua. Kaskazini, upande wa Kendwa na Nungwi ya magharibi, chini hakuna uwanda huo. Unapiga hatua chache, maji yamekufika kifuani, iwe asubuhi au jioni. Tena jua huzama baharini mbele ya macho yako.

Kutokana na hayo dereva amejitungia nadharia, na anaisema kwa uhakika wa mtu aliyeifikiria kwenye foleni nyingi. "Watu hawakwenda Kendwa kwa ajili ya muziki, yakhe. Walikwenda kwa sababu maji hayawakimbii. Mtu akikaa majini kutwa, jua likizama yuko palepale, ana njaa, ana kiu. Mwenye hoteli atafanya nini? Anawasha spika."

Nilimkumbusha Paje. Paje maji yanatoka, yanakwenda mbali kama ya Jambiani, na bado usiku wa Paje leo si wa kulala mapema. Alinyamaza kidogo. "Paje ni upepo," akakubali. Kusi ikishika, na kaskazi nayo inapovuma, wanaoteleza juu ya maji kwa tiara hujaa pale, na kwao uwanda ule wa maji haba ndio hasa wanaoutaka. Kwa hiyo nadharia ina tundu, na yeye analijua. Nilipomuuliza Jambiani, iliyo kilomita chache tu kusini mwa Paje, itakaa kimya mpaka lini, alitikisa bega.

Ushauri wake lakini hauna tundu. Anayetaka utulivu na kuogelea asubuhi aende mashariki siku za maji mafu, mwezi saba hadi tisa au ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Akienda siku za bamvua, ajue kwamba bahari yake itakuja alasiri, asubuhi atembee. Anayetaka jua la kuzama bila ngoma ajaribu Michamvi Kae, ambayo iko mashariki lakini imeupa mgongo mwambao huo na kutazama ghuba ya Chwaka. Na anayekimbilia kaskazini kwa sababu mwezi ni mpevu na mashariki kumekauka, asije akalalamika: Kendwa nayo ina sherehe yake ya mwezi mpevu, Jumamosi iliyo karibu nao. Mwezi uleule uliomnyang'anya maji ndio utakaomnyima usingizi.

Hapo alicheka. Lakini aliacha kucheka tulipofika kwenye neno utulivu lenyewe, ambalo mahoteli ya mashariki hulitia kwenye kila tangazo. Kwanza, alisema, kijiji si kimya. Kuna adhana ya alfajiri, kuna majogoo, kuna watoto wa skuli, na amewahi kubeba mgeni aliyeyalalamikia yote matatu. Makunduchi, tulivu kuliko zote, kila Julai hufanya Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa mabua ya migomba na kibanda kikichomwa moto, na siku hiyo hakuna pa kuegesha gari.

Pili, ule uwanda mtupu wa saa nne asubuhi, ambao yule bwana wa Dar aliuona ni hasara, hauko mtupu. Mwani unalimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mashamba yako mbali, vigingi na kamba, na hayafikiki vizuri ila bamvua ikipwa. Maji mafu wanakaa nyumbani, wanakausha, wanafunga kamba mpya. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu wanaingia, maji yakiwa magotini, wanapalilia, wanavuna, wanarudi na magunia yaliyorowa kabla bahari haijawafuata. Kwa maneno mengine, siku ambazo mtalii anaona hakuna bahari ndizo siku zao za kazi, na jedwali lile kwenye dashibodi ni ratiba yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Miaka hii bahari imekuwa ya moto zaidi, na ule mwani wa bei nzuri, kotonii, unakufa kwenye maji haba. Wengi wamebaki na spinosamu, wa bei ya chini. Hoteli nazo zinaongezeka. Je, mgeni anayelipia ukimya anajua kwamba mandhari yake ni konde la mtu?

Dereva hakutaka kulijibu hilo. Alinieleza jambo jingine. Asubuhi za baada ya sherehe ya Kendwa huwarudisha wageni waliofikia kusini, wamechoka, macho mekundu, na karibu na ufukwe hukutana na akina mama wakishuka baharini na kamba zao mabegani. Wageni huomba asimame wapige picha.

"Mimi sisimamishi gari," alisema.

Hata wakiomba ruhusa kwanza? Amewaona wanaoomba ruhusa, alisema, amewaona wanaotoa pesa, na amewaona akina mama wanaopokea na wanaogeuza nyuso. Dadake mwenyewe analima mwani. Hajawahi kumuuliza angependa lipi.