Siku Moja ya Ruhusa: Toka Vugizo Hadi Rumonge

Askari apewapo ruhusa ya siku moja, mara nyingi huimaliza kwa usingizi na soga. Si vibaya, mwili nao una haki yake. Lakini aliyeko Bujumbura aweza kuisoma historia kwa macho yake, kwa nauli ya basi tu.

Na aanze asubuhi kilimani Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Kutoka hapo mji wote huonekana chini, na Ziwa Tanganyika limetanda mbele yake. Mji huu, uliokuwa kambi ya jeshi la Wajerumani tangu 1897, ulibaki makao makuu ya nchi hadi mwaka 2019, heshima hiyo ilipopewa Gitega. Rwagasore alishinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi katika hoteli kando ya ziwa, umri wake miaka 29. Uhuru ulipofika, 1 Julai 1962, mwenyewe hakuwapo.

Kisha ashike njia ya kusini. Kilomita kama 12 mbele, huko Mugere, liko jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani hapo ndipo walipokutana kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji, Tanzania ya leo, wakaja kwa mtumbwi kuuchunguza mto Rusizi, kama unatoka ziwani kwenda Nili. Wakakuta unaingia ziwani! Askari wa doria anaijua siri hiyo: habari isiyohakikishwa si habari.

Toka hapo barabara hufuata ufuo, milima kushoto, maji kulia, hadi Rumonge, kama kilomita 70 kutoka Bujumbura. Hapa ni nchi ya michikichi na mawese, ya dagaa na mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke. Na Kiswahili chasikika sokoni. Ndipo pia walipouawa wamisionari watatu, tarehe 4 Mei 1881.

Lakini liko jambo zito zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulilipuka Rumonge na Nyanza-Lac, raia wakauawa. Dola ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Maelfu kwa maelfu wakaangamia, wengi wao Wahutu wasio na silaha. Waliosalimika walikimbilia Tanzania. Waliorejea miaka mingi baadaye walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, na kesi za ardhi zikawa nyingi.

Jioni, taa za wavuvi zikiwaka majini, askari na akae ufuoni afikiri. Waziri Mkuu yule aliuawa kwa bunduki, na kijiji hiki kililizwa kwa bunduki. Chuma hakina akili. Akili ni ya mwenye kukishika. Raia anapomwona mwenye sare, na ajisikie salama, asitafute mtumbwi wa kukimbilia.