Ni nani atakayejenga nyumba Mwezini?

Hebu waza, msomaji, kwamba uko kilomita 400 juu ya ardhi, nje ya chombo, na maji yanaanza kujaa ndani ya kofia uliyoivaa. Huwezi kuivua kwa sababu nje hakuna hewa. Huwezi kuyafuta kwa sababu mikono yako iko upande wa pili wa kioo. Na kwa kuwa huko vitu havina uzito, maji hayateremki shingoni. Yanang'ang'ania usoni, yakisambaa machoni, masikioni na puani.

Hayo ndiyo yaliyomfika mwanaanga wa Italia, Luca Parmitano, mnamo Julai 16, 2013, akiwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Takriban lita moja na nusu ya maji ilikuwa imevuja kutoka kwa mtambo wa kupoza vazi lake. Alirudi mlangoni akifuata kebo yake kwa kupapasa kama kipofu, na akanusurika. Kazi iliyomtoa nje siku hiyo ilikuwa pamoja na kutandaza nyaya, kazi ambayo hapa kwetu hufanywa na fundi wa stima.

Je, ni lazima mtu ahatarishe roho yake kwa ajili ya waya? Swali hilo ni mojawapo ya yale yaliyowafanya wanasayansi waanze kuunda roboti wenye umbo la binadamu, ili wawe mafundi na vibarua wa angani. Safari hiyo imewafunza mengi, na baadhi yake hawakuyatarajia.

KWA NINI UMBO LA MTU?

Pengine utauliza kwa nini roboti afanane na mtu, ilhali mashine inaweza kupewa umbo lolote. Jibu liko mkononi mwako. Tazama kitasa cha mlango, bisibisi, swichi ya taa na kifuniko cha chupa. Vyote vilitengenezwa kwa ajili ya kiganja chenye vidole. Kituo cha angani nacho ni vivyo hivyo: vishikio, vifaa na milango yake vilipimwa kwa mwili wa mwanaanga. Roboti mwenye vidole anaweza kupokea spana ileile iliyotumiwa na mtu. Asiyekuwa navyo atahitaji vifaa vyake mwenyewe, na kila kilo inayopelekwa angani hugharimu fedha nyingi.

Kwa sababu hiyo, shirika la anga la Marekani, NASA, lilishirikiana na kampuni ya magari ya General Motors kumuunda Robonaut 2. Aliondoka duniani mnamo Februari 24, 2011 ndani ya chombo Discovery, akawa roboti wa kwanza mwenye umbo la mtu kufika angani. Alikuwa na kichwa, kifua, mikono miwili na vidole vyake, na uzani wa kilo 150 hivi. Miguu hakuwa nayo.

Mnamo Februari 2012 alisalimiana kwa mkono na kamanda wa kituo, Dan Burbank. Kazi alizopewa zilifanana na zile za nyumbani: kubonyeza swichi, kupima mwendo wa hewa na kufuta vishikio. Usizidharau. Kila saa ambayo mwanaanga anashika kitambaa ni saa iliyotolewa kwenye utafiti uliompeleka huko.

MIGUU YALETA MASHAKA

Mnamo 2014 Robonaut alipelekewa miguu. Haikuwa ya kutembea, kwani pasipo na uzito hakuna kutembea. Ilikuwa mirefu, kila mmoja ukiwa na viungo saba, na mahali pa nyayo palikuwa na vibano vya kushikilia. Baada ya kuunganishwa, hitilafu za umeme zilianza kumwandama. Wanaanga walijaribu kumtengeneza lakini wapi, na mwaka wa 2018 akarudishwa duniani. Hakuwahi kufanya kazi nje ya kituo hata siku moja.

Warusi nao walimpeleka wao, Skybot F-850, anayejulikana zaidi kama Fedor. Aliondoka Agosti 22, 2019 akiwa ameketi kwenye kiti cha chombo Soyuz kama abiria yeyote. Urefu wake ulikuwa sentimita 180 na uzani wake kilo 160. Mtu aliyevaa vazi maalum alipoinua mkono, Fedor aliinua wake. Lakini alikaa kituoni siku chache tu, na aliporejea Septemba waundaji wake walikiri kwamba umbo lake halikufaa kazi za nje. Miguu yake mirefu ilikuwa mzigo.

Sasa sikiliza kisa hiki. Fedor alipofika kituoni, Parmitano yule yule wa maji alikuwamo, kwani alikuwa amerudi angani Julai 2019. Fedor alipoondoka, yeye alibaki. Kuanzia Novemba mwaka huo hadi Januari 2020, Parmitano na mwenzake Andrew Morgan walitoka nje mara nne kukarabati mtambo wa utafiti uitwao AMS. Walikata vijibomba vyembamba na kuunganisha vipya, wakiwa wamevaa glavu nene. Hapakuwa na roboti wa kuwafanyia kazi hiyo.

Si kwamba mashine hazifanyi kazi huko nje. Tangu 2008 kituo hicho kina Dextre kutoka Kanada, mwenye mikono miwili mirefu ya kubadilishia betri na masanduku ya mitambo. Hana uso wala miguu. Wahindi walipomwonyesha hadharani roboti wao Vyommitra mnamo Januari 2020, jina lenye maana ya rafiki wa anga, walimpa kichwa, kiwiliwili na mikono, miguu wakaiacha. Inaonekana kwamba mkono wa binadamu ndio unaohitajika zaidi.

KUJENGA KABLA YA KUHAMIA

Tukija kwenye Mwezi, mambo yanabadilika tena. Huko kuna uzito, ingawa ni sehemu moja tu kati ya sita ya ule wa duniani, kwa hivyo miguu huenda ikapata kazi. Hata hivyo, mahali penyewe ni pakali. Usiku mmoja hudumu takriban siku zetu 14. Mchana joto hupanda kupita nyuzi 100, na usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 100 kasoro sufuri. Vumbi lake lina ncha kali, kwa kuwa hakuna upepo wala maji ya kulisugua, na hupenya kwenye viungo vya mashine na mavazi. Mionzi ya jua haina kizuizi.

Hapa kwetu mwenye ploti hujenga kibanda cha mabati, akalala humo akisubiri nyumba iishe. Mwezini kibanda hicho hakitamfaa kitu. Nyumba itabidi iwe tayari kabla ya mwenyewe kufika. Mnamo 2022 NASA iliipa kampuni ya ICON ya Texas mkataba wa dola milioni 57.2 ili kuendeleza mitambo ya kujenga kwa udongo wa Mwezini wenyewe, tabaka juu ya tabaka. Mtambo wa kuinua kuta hauhitaji sura ya mtu. Lakini kuta si nyumba. Kuna milango, mabomba, nyaya na vali, na hapo ndipo vidole vitakapohitajika.

Na ni nani atakayeviongoza vidole hivyo? Ishara ya redio hufika Mwezini kwa sekunde moja na ushei. Kufika Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22. Ukimwona roboti anakaribia kuanguka shimoni huko Mirihi na ukapaza sauti "Simama!", atakuwa ameanguka zamani. Kwa hivyo roboti lazima awe na akili ya kutumwa. Wajerumani walilijaribu hilo mnamo 2017 kwa roboti wao Justin, mwenye mikono ya mtu na magurudumu badala ya miguu. Mwanaanga Paolo Nespoli alimpa maagizo kutoka angani, naye Justin, aliyekuwa Ujerumani, akapanga mwenyewe jinsi ya kuyatekeleza.

FUNDI WA LEO

Huenda ukasema haya ni mambo ya mbali. Ujuzi uliotokana na mkono wa Robonaut tayari umezaa glavu ya kumpunguzia mfanyakazi wa kiwandani uchovu wa kushika vifaa. Roboti mwingine wa NASA, Valkyrie, alipelekwa Perth, Australia mnamo 2023 kujaribiwa kwa kazi za mitambo ya mafuta na gesi baharini isiyokaliwa na watu. Kinachoanzia angani hushuka hadi kwa kibarua.

Lakini zingatia jambo moja, mzazi. Baada ya miaka hii yote na fedha zote hizo, kitu kinachowatoa jasho wahandisi hodari ni kuiga kazi ya fundi: kupapasa nati, kujua imekaza kiasi gani, kuiacha kabla haijakatika. Mwanao akikwambia anataka kwenda chuo cha ufundi kusomea mabomba au stima, usimkemee kwamba amekosa ofisi. Muulize ataanza lini. Ukiona vyaelea, vimeundwa.